Kwa Somo Yangu, Aliyetufasiria Picha ya Wakorea

Somo,

Shikamoo. Nimeandika hiyo shikamoo nikaweka kalamu chini. Mazoea, nasubiri marahaba yako ile ndefu ya kupitia puani. Haya, nimejiitikia mwenyewe.

Arobaini yako tumeisoma wiki iliyopita. Watu walijaa wakamwagika mpaka uani kwa jirani, chakula kilitosha na cha kuwafungia watoto kikabaki, na yule Bi. Chausiku uliyekuwa humwishi kumsema alilia kuliko sisi wote, mpaka ikabidi apepewe. Ungekuwapo ungenifinya. Nyumba yako imefungwa, ufunguo ninao mimi. Paka wako anakaa kwa mama na kiburi chake kile kile, hali dagaa mpaka watolewe vichwa. Mama anamtukana huku anamchambulia.

Lakini sikuchukua karatasi nzuri ya shule kwa ajili ya habari za paka. Nina neno na wewe, Somo. Ungekuwa hai ningekuja nikajitupa mkekani kwako nikuulize uso kwa uso: kwa nini ulimdanganya mama yangu? Sasa wewe umekwenda kujilalia, mzigo umeniachia mimi.

Wacha nianzie mbali. Nataka nikucheke kwanza kabla sijalia.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na barua ya chuo cha ualimu ikaja. Mama alinitaka nimsomee mara mbili. Kisha akaichukua, akaikunja, akaitia kashani chini ya nguo zake za sikukuu, akatia kufuli. Hakusema hapana. Alisema tu kuwa kuna watu wa Saadani wameleta posa na mjomba keshawaitikia. Mwenyewe mtaka kuoa alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu wa makamo, mpole, ana kitambi chake na adabu zake, sina la kumsema. Na mama pia sina la kumsema. Alikuwa mjane, kazika watoto watatu, nimebaki mimi peke yangu. Alitaka niwe mahali ambapo akinihitaji anatuma mtu, na kesho yake nimefika.

Basi akakuita wewe uje unifunde. Na angemwita nani mwingine? Nusu ya wanawake wa Bagamoyo walipita mikononi mwako. Mwari uliyemfunda wewe alikuwa anajulikana kwa mwendo tu, na akina mama walikuwa wakijisifu, "Wangu somo yake ni Bi. Mize," kana kwamba wametaja cheo.

Ulikuja na kikapu chako, ukaniketisha chumbani, ukaanza kunisinga liwa mgongoni. Nikawa nalia. Ukauliza, "Unalilia nini wewe, liwa imekuingia machoni?" Nikakwambia nataka kusoma. Uliendelea kusinga, ila mkono ukawa mzito, unasugua kama unayeosha sufuria lililoungua. Nilidhani umenikasirikia.

Siku zile zile likaja gari la sinema na picha ya Wakorea. Nchi zetu zilikuwa na urafiki, wakatuletea kisa cha wafalme wao wa zamani, kirefu ajabu, kimekatwa sehemu tano, kila Jumapili sehemu moja. Wanaume walitazama jioni uwanjani. Sisi wanawake tulipewa alasiri, ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na yule bwana wa mashine tumemzungushia kanga ili aone picha yake asituone sisi. Mama alisita kunipeleka, mwari si wa kuzurura. Ukamwambia, "Anakwenda nami, hatoki machoni pangu." Tukaenda wote watatu.

Joto lile, ee Mola wangu! Na harufu ya mafuta ya nazi na asumini na watoto waliokojoa. Picha ikaanza, Wakorea wakaanza kusema, na hakuna aliyeambulia kitu. Maandishi yalipita chini, vijiti na viduara tu. Wanawake wakaanza kupiga miayo, wengine wanapapasa viatu vyao gizani. Ndipo uliposimama wewe.

"Tulieni nyie. Nawaambia anavyosema."

Ukatufasiria! Ati marehemu mume wako, kwa kuwa alikuwa baharia, alifika pande zile, akakufunza lugha yao. Hakuna aliyejua kama alifika kweli au hakufika. Bi. Chausiku akakurukia pale pale, haya, maji kwa Kikorea yanaitwaje? Ukamjibu, "Una kiu au unatazama picha?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na toka hapo hakuna aliyethubutu kukuuliza.

Kwa hiyo kisa kizima tulikipata kinywani mwako. Binti wa mjane, hodari wa kutarizi, anaingia nyumba ya mfalme kushona nguo za malkia. Kuna mke mwenza mwenye husuda, kuna mpishi mnafiki, kuna waziri mwenye ndevu chache. Wote ulikuwa na sauti yao. Yule mke mwenza ulimpa sauti ya Bi. Chausiku, usikatae, watu wote walijua. Hata wanaume, wakienda kutazama jioni, ilibidi wake zao wawahadithie kisa kwanza nyumbani ndipo waelewe. Nimewahi kumsikia mjomba akibishana barazani kuhusu yule waziri, anasema kwa hakika kabisa, na yote ni maneno yako.

Mji ukaingia wazimu. Unakumbuka Fundi Sefu, mwenye cherehani pale barazani? Alisema sinema ni haramu, kwa hiyo hakuiona hata sehemu moja, na wanawake wote wanamtaka awashonee gauni la Mkorea. Basi anashona kwa kuelekezwa kwa mdomo. Huyu anamwambia sketi inaanzia chini ya matiti, huyu anasema mikono mipana, mwingine anasema kuna utepe wa kufunga kifuani. La kwanza alimshonea Bi. Chausiku, akaingia, akapotea humo ndani, tukawa tunaona kichwa tu kinazunguka kutafuta njia. Na bado akalivaa Idi! Baadaye Fundi akaupata mshono wake, na mpaka leo maharusi wanalitaka. Juzi nimeliona Miono, huko ndani kabisa, limeshonwa kwa kitenge, na aliyelivaa hajui hata limetoka wapi.

Wasichana wakasuka msuko mmoja wa kushuka mgongoni na utepe mwekundu mwishoni. Watoto wakawa wanakula wali kwa njiti za makuti, wanapigwa. Sisi tukawa tunasalimia wakubwa kwa kuinama mikono iko kwenye paji la uso, mpaka maalim wa chuo cha Kurani akaja juu, anasema kuinama hivyo ni kwa Mungu peke yake, na kama tunataka kumwinamia mtu twende Korea. Wewe ulikuwa ukicheka mpaka unashika mbavu. Ulisema, "Nimeuharibu mji." Sikuelewa wakati ule kwa nini ulisema ni wewe.

Kisha ikaja Jumapili ya mwisho.

Nitaiandika kama nilivyoiona. Wanakuja wanaume wenye kofia nyeusi ndefu, mmoja ana waraka wa kukunjwa, anausoma. Mama wa yule binti anaanguka chini uani. Binti anavishwa nguo nyekundu. Anamwinamia mama yake mara tatu, paji la uso mpaka chini. Anaingizwa katika kiti kama kisanduku, kinabebwa na watu wanne, na mama anakimbia nyuma yake, kiatu kimoja kimemtoka, anapiga kelele.

Wewe ulisimama pembeni ya kitambaa, mwanga unakupiga nusu ya uso. Ukasema ule waraka umetoka kwa mfalme. Binti amechaguliwa kwenda kusoma mji wa mbali, arudi awafundishe watoto wa nchi yake. Na yule mama anapokimbia ukasema kwa sauti yako, hukuigiza ya mtu, "Mwanangu, nilitaka nikuoze karibu nikuone kila siku. Lakini hayo yalikuwa mapenzi ya kunifaa mimi. Nenda. Machozi yangu usiyatazame, mimi ni mama, lazima nilie. Ukigeuka nyuma utaniua."

Ukumbi ulilia, Somo. Kulia kwa sauti. Bi. Chausiku alikuwa anapiga mapaja. Mama alikuwa upande wangu wa kulia, alinishika kifundo cha mkono akakikaza mpaka vidole vikafa ganzi, na hakulia hata kidogo.

Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu akafungua kasha, akanipa barua yangu, akajitanda akaenda mwenyewe kwa mjomba. Zogo lililokuwa huko sikulisikia lote, nilisikia tu mjomba anapaza sauti na mama anajibu, "Hata mama wa Kikorea alimwachia wake." Basi. Posa ikarudishwa. Miaka yote hiyo mtu akimuuliza mama kwa nini alinipeleka chuo, jibu lake lilikuwa hilo moja. Na wewe ukakosa harusi ya mwari wako, ukakosa ngoma yake na kanga zake, na maneno ukasemwa, ati somo gani huyu anayemfunda mwari akaishia kushika chaki. Ukawa unacheka tu.

Nami nikawa mwalimu. Kila likizo nilikuja kwako kabla sijanywa maji kwa mama, na alikuwa akinuna. Mara ya mwisho miguu yako ilikuwa imevimba, huwezi kutoka kitandani, nikakuchana nywele. Zilikuwa zimebaki chache jamani, nyepesi. Ukaniambia, "Nisuke Kikorea." Nikakusuka msuko mmoja, mwembamba kama mkia wa panya, nikaufunga kwa uzi mwekundu kwa kuwa utepe haukupatikana. Ukajitazama kwenye kioo ukasema, "Wamwone sasa malkia." Siku nne baadaye nikaitwa. Waliokuosha walinirudishia ule uzi. Ninao.

Ngoja nifute uso. Naendelea.

Sikiliza lililonipata sasa. Mwezi huu shuleni kwetu Kiwangwa alikuja kijana wa halaiki, kuwafundisha watoto kucheza kwa mpangilio uwanjani kwa ajili ya sherehe. Ametoka kukaa Korea miaka mitatu anajifunza kazi hiyo, na lugha yao anaimwaga kama maji. Wakati wa mapumziko tulikuwa tunakula muhogo, nikamuuliza, kwa kujivuna kidogo, kama anaijua ile picha ya binti wa kutarizi. Akafurahi sana. Anaijua, huko wanaionyesha kila mara, watu wanailia. Akaanza kunieleza mwisho wake.

Wale wenye kofia hawakuleta habari ya kusoma. Mfalme wa nchi jirani, mwenye nguvu kuwashinda, alikuwa anadai apelekewe mabinti, na ule waraka ulikuwa na majina ya waliochukuliwa. Yule mama alipokuwa anakimbia alikuwa anasema, nichukueni mimi, mniachie mwanangu, Mungu awalaani. Na binti hakurudi tena kwao.

Muhogo niliurudisha sahanini. Yule kijana akaniuliza kama naumwa.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Darasani mchana ule niliandika ubaoni nikafuta, nikaandika nikafuta. Mimi nawapiga marufuku watoto kusema uongo, na kazi yenyewe ya kuwakataza nimeipata kwa uongo! Halafu hasira ikaisha ikaja hofu, na hofu ndiyo iliyonitesa. Siku ya msiba wako, shemeji yako alisimama uani akatuomba wanawake, aliyekosewa na marehemu amsamehe. Tukaitikia, tumemsamehe. Mama aliitikia kwa sauti kubwa, nilikuwa karibu naye. Lakini alisamehe nini? Mtu hajui kama amekosewa. Ulimchukua mwanawe wa pekee kwa maneno ya kutunga, akabaki peke yake nyumba nzima miaka yote hii, anamsubiri likizo hata likizo. Nikamuuliza maalim wa kule Kiwangwa kwa kuzungushazungusha, bila majina. Akasema Mungu ndiye ajuaye, lakini ni bora mwenye haki ajue ndipo asamehe.

Nikawa silali vizuri, nakuona umekaa mlangoni unasubiri. Nisipomwambia, wewe utabaki na kosa lako. Nikimwambia, nitamvunja mama, na labda atakunyima msamaha. Angeninyima na mimi, ningestahili. Lakini kukunyima wewe, ukiwa huko peke yako, hilo sikuliweza kulifikiria.

Ijumaa nikadandia lori la korosho, nikafika Bagamoyo watu wanatoka msikitini. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, paka wako miguuni pake. Nikambusu mkono, nikakaa chini, nikamwambia yote bila kupumua. Yule kijana, ule waraka, yule binti asiyerudi. Nikamwambia, mama, Somo alikudanganya kwa ajili yangu, nakuomba radhi yako kwa niaba yake.

Hakuacha kukuna. Alimaliza kifuu kile, akakiweka kando, akachukua kingine, kisha akasema, "Mimi najua."

Nikadhani hakunisikia vizuri.

Akasema, "Mimi nimezika watoto watatu, Zuhura. Yule mwanamke alikuwa analia kilio cha kunyang'anywa. Mtu anayempeleka mwanawe shule halii vile. Sikuhitaji kuambiwa Kikorea."

Nikamuuliza, sasa kama alijua, kwa nini aliniachia? Hapo ndipo alipoacha kukuna, Somo. Alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Akasema alikutazama wewe. Mtu mzima, mcha Mungu, mwenye jina lake mjini, umesimama mbele ya wanawake wote unasema uongo, jasho linakutiririka, sauti inakutetemeka, na mtoto mwenyewe si wako. "Nikasema, kumbe huyu anampenda mwanangu kuliko mimi niliyemzaa. Nikaona haya. Nikamsamehe pale pale kwenye benchi, kabla mablanketi hayajateremshwa."

Nililia nikalaza kichwa kwenye mapaja yake, nazi ikanijaa nywele. Nikamwambia, mbona hukumwambia miaka yote hiyo, mlikuwa mnaonana kila siku! Akacheka, kicheko chake kile cha kukohoa. Akasema, "Alikuwa anafurahi mno kudhani kaniweza. Ningemwondolea raha yake kwa nini?"

Kwa hiyo, Somo, uliwezwa wewe. Mama kakushinda, na kakushinda kwa kunyamaza. Natamani ningeiona sura yako.

Basi pumzika. Huna kosa juu yako kwetu, mama ameniambia nikuandikie hivyo kwa mkono wangu, na amesimama hapa nyuma yangu anahakikisha. Kila Alhamisi nitakusomea Yasini, ya kwangu moja na ya kwake moja mpaka atakapoweza kuisoma mwenyewe, maana ameanza kisomo cha watu wazima, na cha Kurani pia, na anajidai sana.

Na hili nakuahidi. Wanawake wa mji huu bado wananiuliza, kwa kuwa picha ilikatika pale kwenye kile kiti, yule binti wa Kikorea alifika? Yule kijana wa halaiki amekwishaondoka, na mimi sitarekebisha neno lako hata moja. Nitawaambia alifika. Alisoma, akarudi kwao, anafundisha watoto wa nchi yake, na mama yake anamwona kila likizo. Wala sitakuwa nimesema uongo.

Mwari wako,
Zuhura